Kitendawili na Mitambo: Tahakiki ya Mchezo katika Ufundishaji wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mjadala kuhusu nafasi ya mitambo katika darasa la lugha umepamba moto nchini Kenya kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2013 iliahidi tarakilishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kuanzia mwaka 2016 vishikwambi zaidi ya milioni moja viligawiwa katika shule za msingi za umma. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeuhesabu ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Kisha shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, walimu wengi ambao hawakuwa wamepata kufundisha kwa simu walijikuta wakituma masomo kwa WhatsApp. Tangu wakati huo limeenea dai kwamba mwanafunzi wa leo hashikiki ila kwa michezo ya kidijitali na mitandao ya kijamii.

Makala haya hayakusudii kulikubali wala kulikataa dai hilo kwa jumla. Tutalipima kwa utanzu mmoja tu, yaani kitendawili. Tumekichagua kwa sababu kitendawili ni mchezo tangu asili yake. Iwapo mitambo inaweza kuusaidia mchezo darasani, basi hapa ndipo ingetarajiwa kufaulu zaidi. Na iwapo ina kasoro, hapa ndipo kasoro hiyo itakapoonekana wazi.

Kitendawili kama mchezo

Kitendawili huanza kwa mapatano. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na wenziwe huitika, "Tega!" Neno hilo moja ni mfano wa mkataba, kwani asiyeitikia hayumo mchezoni. Fumbo likishatolewa, wateguaji hujaribu mmoja baada ya mwingine. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Akishapewa Mombasa au Lamu, husafiri huko kwa maneno, akajigamba jinsi alivyopokewa, alivyoandaliwa na alivyoketishwa, nao walioshindwa hawana budi kumsikiliza kabla ya kuambiwa jibu. Baadaye mwingine hushika zamu ya kutega.

Katika utaratibu huu mna mambo manne yanayostahili kuzingatiwa. La kwanza ni mwitikio: mchezo hauwezi kuwako bila mtu wa pili. La pili ni dhamana: anayeshindwa hutoa kitu, japo ni mji wa kubuni. Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alionyesha kwamba mafumbo katika jamii mbalimbali za kale yalikuwa mashindano yenye dhamana, na wakati mwingine dhamana hiyo ilikuwa uhai wa mshindani. Mji wetu ni dhamana iliyolainishwa, lakini ni dhamana. La tatu ni zamu: yule anayetegua leo ndiye atakayetega kesho, kwa hiyo kila mchezaji ni msanii mtarajiwa. La nne, ambalo husahauliwa mno, ni kwamba jibu hukubaliwa na hadhira. Mtu akitega, "Nyumba yangu haina mlango," jibu lililozoeleka ni yai. Hata hivyo, atakayesema "kaburi" hajakosa mantiki. Katika baraza hai atasikilizwa, atabishiwa, na huenda akashinda.

Kitendawili ndani ya mtambo

Tuchukue sasa mfano wa mchezo wa kidijitali unaosifiwa sana na walimu, yaani Kahoot, uliobuniwa Norway na kuzinduliwa mwaka 2013. Swali huonyeshwa kwenye kiwambo kikubwa, wanafunzi huchagua jibu kwa kubonyeza rangi na umbo lake katika vifaa vyao, na mtambo hutoa alama kwa kuzingatia usahihi na kasi. Baada ya kila swali majina ya wanaoongoza huorodheshwa.

Haifai kuudharau mchezo huu. Darasa lililosinzia huamka. Mwanafunzi mwenye haya, ambaye hathubutu kuinua mkono kwa kuogopa kuchekwa, hupata kujibu kwa jina la kupanga. Mwalimu naye hutambua papo hapo ni wangapi walioelewa. Kwa mazoezi ya ngeli au ya msamiati, faida hizi si haba.

Lakini tukikiingiza kitendawili humo, tutaona kilichopotea. Fumbo la nyumba isiyo na mlango litaletwa pamoja na majibu manne: yai, jiwe, mtungi, kaburi. Mwanafunzi hatafuti tena jibu katika maisha yake. Analitambua tu miongoni mwa yaliyowekwa mbele yake. Kasi inatuzwa, ilhali utamu wa kitendawili umo katika kukawia, watu wakikuna vichwa na mtegaji akitabasamu. Aliyechagua kaburi anaambiwa amekosa, wala hakuna wa kumsikiliza. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hategi kamwe. Mtegaji ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, naye hashindwi wala hatoi mji. Ushindani umebaki, ila ni ushindani wa wateguaji wao kwa wao.

Kosa la nani?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuulaumu mtambo. Haki hairuhusu. Kitendawili kilipoteza mambo haya manne kabla ya simu kufika darasani, na waliokipokonya ni sisi: wakusanyaji, waandishi wa vitabu vya kiada na watahini. Ni desturi yetu kuviorodhesha vitendawili upande wa kushoto wa ukurasa na majibu upande wa kulia, kana kwamba ni kamusi. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, fasihi simulizi huhojiwa kwa maandishi, na mtahiniwa huzoezwa kutaja sifa za kitendawili na dhima zake, ingawa yawezekana hajapata kusimama mbele ya watu hata mara moja akaitikiwa "Tega!"

Kwa hiyo mtambo haukukiua kitendawili. Uliurithi mzoga ambao sisi tuliuandaa, ukautia rangi na muziki. Mwalimu anayedhani kwamba rangi hizo zitamfufua mwanafunzi aliyechoka anatibu dalili na kuacha ugonjwa. Kilichomchosha mwanafunzi ni kuulizwa siku zote bila kupata nafasi ya kuuliza.

Simu moja, madarasa mawili

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akikagua wanafunzi-walimu waliokuwa mazoezini, alishuhudia jambo lililomlazimu kuyafikiria upya mawazo yake. Katika shule moja ya kutwa, ambako wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, mwalimu mwanagenzi alitumia simu yake mwenyewe. Alirekodi sauti ya msichana mmoja akitega, darasa zima likiitikia, akaituma kwa WhatsApp kwa mwenzake aliyekuwa akifundisha katika shule nyingine. Siku ya pili majibu yalirudi kwa sauti za wanafunzi wa huko. Waliposhindwa walitoa mji, na siku ya tatu wakatega wao.

Kimojawapo cha vitendawili hivyo kilitungwa na wanafunzi wenyewe: "Mtoto wangu hanyonyi kwa mama, hunyonya ukutani." Jibu lililokusudiwa lilikuwa simu. Jibu lililorudi lilikuwa mjusi. Darasa likagawanyika. Baadhi walisema mjusi hanyonyi abadani, hivyo jibu likataliwe. Wengine wakauliza: simu nayo hunyonya? Kama umeme umekubaliwa kuwa maziwa, kwa nini mdudu wa ukutani asikubaliwe? Kipindi kilikwisha wakiwa bado wanabishana, na walichokuwa wakibishania, bila ya kulijua jina lake, kilikuwa mipaka ya istiari.

Hatusemi kwamba njia hii haina dosari. Sauti iliyorekodiwa haionyeshi uso wala ishara za mikono. Kusubiri siku nzima hupunguza joto la baraza. Tena simu ilikuwa mali ya mwalimu, na gharama ya kutuma aliilipa yeye. Mwalimu hawezi kudaiwa kuifadhili elimu ya umma kwa mfuko wake. Lakini mwitikio, dhamana, zamu na mjadala wa jibu vyote vilikuwapo. Teknolojia duni ilihifadhi kile ambacho teknolojia ya fahari ilikitupa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuuliza kama mitambo ifae au isifae darasani ni kuuliza swali pana mno. Kila kifaa kipimwe kwa kanuni za utanzu unaofundishwa. Kwa kitendawili, mwalimu ajiulize: Je, mwanafunzi anaitikiwa na mtu? Je, ana cha kupoteza? Je, atapata zamu ya kutega? Je, jibu asilolitarajia mwalimu litasikilizwa? Kifaa kinachoruhusu hayo kinafaa, kiwe kishikwambi au ubao na chaki. Kisichoruhusu, hata kikiwasisimua wanafunzi, kinafundisha jambo jingine.

Idara zetu zina wajibu wa kuanzia nyumbani. Tunawaandaa walimu wa fasihi simulizi kwa mihadhara, kisha tunawatahini kwa maandishi, halafu tunashangaa wakienda kufundisha vivyo hivyo. Mwanafunzi-mwalimu atakiwe, kama sehemu ya alama zake, kutunga vitendawili, kuvitega mbele ya hadhira na kuyatetea au kuyakubali majibu ya wengine. Hapo ndipo atakapoweza kukihukumu kifaa chochote atakachoelekezwa kukitumia. Asiyewahi kupewa mji hawezi kujua ni kipi kilichokosekana katika mtambo.