Sifuri ni Nani?

Mpe mtu karatasi ya matokeo ya regresheni. Wengi watakusomea namba. Fundi atakusomea magari.

Nasema magari kwa sababu mfano niupendao ni wa yale magari 32 yaliyotolewa katika jarida la Marekani la Motor Trend la mwaka 1974; wanaojifunza programu ya R wanayajua. Swali lenyewe jepesi: gari la gia za mkono na la otomatiki, kwa galoni moja, lipi hufika mbali? Otomatiki hupewa 0, gia za mkono 1. Kompyuta inarudisha namba mbili za mstari: mwanzo wake, 17.15, na mteremko wake, 7.24.

Hapo mwanagenzi hujikwaa. Amekariri kwamba mteremko ni badiliko la maili kila kigezo kinapopanda kwa moja, basi huanza kusaka gari lililo nusu otomatiki. Halipo. Mstari huu una vituo viwili tu. Kwenye sifuri, 17.15 ni wastani wa yale 19 ya otomatiki, basi. Panda hatua moja, jumlisha 7.24, umefika 24.39, wastani wa yale 13 ya gia za mkono. Mteremko wote ni pengo kati ya wastani huu na ule. Geuza alama, otomatiki iwe 1, utapata 24.39 na hasi 7.24, na magari ni yaleyale. Ndiyo maana fundi, kabla hajafungua kinywa, huuliza: sifuri ni nani?

Kisha huja adabu ya ulimi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mwenye papara atatangaza kuwa gia za mkono zinaokoa mafuta. Fundi atasema magari ya gia za mkono katika orodha hii yalikwenda, kwa wastani, maili 7.24 zaidi kwa galoni, halafu atanyamaza, aende kuyatazama. Yale ya otomatiki yalikuwa mapande ya magari, wastani wa pauni 3,769, na wenzao 2,411. Uzito ukiingizwa kwenye hesabu, ile 7.24 yote inayeyuka, inabaki chembe tu chini ya sifuri.

Hesabu ya kwanza haikudanganya. Iliulizwa tofauti, ikataja tofauti. Sababu hakuna aliyeiuliza. Lotus Europa, pauni 1,513, ilikwenda maili 30.4. Lincoln Continental, pauni 5,424, iliambulia 10.4, na ingekunywa mafuta hata ungeifungia gia za mkono.