Kiraka Kinachofuata

Mafundi wa mifarishi ya viraka huko Marekani wana kifaa wanachokithamini karibu sawa na cherehani, nacho ni ukuta. Hutanda shuka la flaneli au tabaka la pamba ukutani, likanyooka vizuri, na vipande vya kitambaa hung'ang'ania hapo bila pini wala gundi. Fundi hubandika miraba yake yote, hurudi nyuma hatua tano sita, hutazama, hubadilisha, hupiga picha kwa simu, hubadilisha tena. Wekundu huu umesogeleana mno na ule. Kona ya chini imepooza. Njano ile inawameza jirani zake. Shughuli hiyo huweza kula jioni nzima, na kwa wengine hula mwezi, maana miraba ya ukutani haijishoni, na kila asubuhi jicho huamka na kasoro mpya.

Ninaotaka kuwasifu hapa ni wale wasio na ukuta. Baadhi yao hawana nafasi: chumba kimoja, kitanda, cherehani dirishani. Wengine nafasi wanayo ila wamekataa kuitumia hivyo. Miraba yote huingia kapuni au kwenye mfuko wa kaki, ikakorogwa, kisha mkono hutumbukizwa macho yakiwa kwingine. Kilichotoka kwanza hushonwa na kilichotoka pili. Basi.

Hata namna yenyewe ya kushona huwasaidia wasione mbali. Fundi wa kapu hashoni safu nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Hushona jozi: viraka viwili hupita chini ya sindano, na kabla hajakata uzi huingiza jozi inayofuata, na nyingine, mpaka nyuma ya cherehani inaning'inia kamba ndefu ya jozi zilizoshikana kwa uzi mtupu. Huzitenganisha kwa mkasi, huzirudisha kapuni, huzitoa tena mbilimbili, akapata nne. Nne na nne, nane. Mfarishi wa miraba 64 hukamilika kwa hatua 6 za namna hiyo, na katika kila hatua analinganisha vitu viwili tu vilivyo mkononi. Sura ya kitu kizima haipo popote hadi mshono wa 63 uunganishe nusu mbili za mwisho.

Katika yote hayo, pasi na kipimo ndivyo visivyobahatishwa. Mshono wa upande huu hulazwa kulia, wa upande utakaokutana nao hulazwa kushoto, ili ikigusana ifungane na pembe nne zikae kwenye nukta moja. Upana wa mshono ni robo inchi. Fundi huyohuyo anayeziachia rangi zijiendee hatakuachia robo inchi hiyo. Ikizidi kwa unyuzi mmoja, kosa hujirudia kila mshono, na mwisho wa kazi upande mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na kitandani utapinda.

Tabu ni kwamba bahati haifanani na tunavyoiwazia. Mwambie mtu apange miraba bila mpango, naye ataitawanya kwa uangalifu mkubwa: bluu hapa, bluu nyingine kule mbali, zisigusane kamwe. Huo ni mpango, tena mkali. Kapu halina heshima hiyo. Chukua miraba 100 ya rangi 5, kila rangi miraba 20, uipange kumi kwa kumi. Kuna mipaka 180 ambapo mraba hupakana na mwenzake. Ukitoa kwa bahati tupu, tegemea mipaka kama 35 ikutanishe rangi moja na rangi ileile. Nyekundu nne zitajikusanya pembeni, na ng'ambo ya pili usione nyekundu hata ya dawa.

Mwaka 1946 R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alichapisha makala fupi juu ya mabomu ya V-1 ambayo Wajerumani waliyarusha London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wakazi wengi waliamini kuwa yalikuwa yakilenga mitaa fulani, kwa kuwa pengine palipigwa tena na tena na pengine pakaachwa. Clarke alichukua kilomita za mraba 144 za kusini mwa jiji, akazigawa miraba 576, akahesabu mabomu 537. Miraba 229 haikuguswa kabisa. Minane ilipigwa mara nne au zaidi. Hesabu hiyo ililingana karibu kabisa na ile ambayo bahati tupu ingeileta bila kulenga popote. Ni mfano mchungu kuuleta kwenye habari za matandiko, lakini sijui ramani nyingine inayofanana zaidi na mfarishi wa kapu: mirundiko na mapengo, na jicho la binadamu linaloapa kwamba kuna aliyekusudia.

Basi anayeiita kazi hii ya bora liende hajaangalia kapu lilivyojazwa. Mpishi wa pilau huamua karibu yote kabla ya kufunika sufuria, na fundi wa kapu naye hivyohivyo. Kitambaa kinachopiga kelele hukitia vipande viwili badala ya kumi na viwili. Kisichopatana na chochote hukitoa, ingawa wapo, nami nikiwemo, wanaokiacha kipande kimoja cha namna hiyo makusudi. Zaidi ya yote, hutenga vya mwanga na vya giza. Rangi ndiyo hupata sifa, lakini kazi hufanywa na kukolea na kupauka kwake. Kitenge chekundu kilichokolea na cha kijani kilichokolea, ukivitazama magharibi taa hazijawashwa, ni kitu kimoja. Wazoefu huwa na makapu mawili, la vipande vilivyokolea na la vilivyopauka, wakichota kwa zamu. Rangi zinabaki mikononi mwa bahati, ila jicho linapata njia ya kupita, mahali pa nuru kisha mahali pa kivuli. Muundo wa zamani wa Kimarekani wa nyumba ya magogo umejengwa juu ya siri hiyo: kila mraba una nusu ya nuru na nusu ya kivuli zilizogawanywa kwa mshazari, unaweza kuushona ukielekea pande nne, na mfarishi mzima hubadilika sura kwa kugeuza miraba tu.

Mafundi ninaowafikiria zaidi, hata hivyo, hawakuwa na anasa ya kujaza kapu watakavyo. Huko Alabama mto wa jina hilohilo umejikunja, na ndani ya mkunjo kuna kijiji cha watu weusi ambacho kwenye karatasi za serikali ni Boykin, ila dunia inakijua kwa jina la Gee's Bend. Wakazi wengi wana jina la Pettway, jina la mwenye shamba aliyewamiliki wazee wao enzi za utumwa. Walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochoka, mashati, magunia. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe karibuni. Akachukua nguo za kazi za marehemu, akazishonea mfarishi wa kujifunika ili amkumbuke. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye. Viraka vya kazi kama ile havichaguliwi kwenye rafu ya duka. Goti la suruali limepauka, lakini pale mfuko ulipobanduliwa bluu ya siku ya kwanza bado ipo, na ukubwa wa kipande ni ule uliosalimika shambani.

Mwaka 1966, katika siku za kudai haki za kiraia, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika ukapata kazi ya kushona foronya za koduroi kwa ajili ya maduka ya Sears. Mabaki yake yakaenda majumbani: rangi ya dhahabu, kijani cha parachichi, kahawia, nyekundu. Koduroi ni kitambaa kinene kisichopenda kukatwakatwa vidogo, kwa hiyo mifarishi ya miaka ile ikapata mapande makubwa na rangi chache zinazosemezana kwa sauti. Rangi zilichaguliwa na kampuni kwa ajili ya vitanda vya watu wengine. Wanawake wa Gee's Bend waliamua nini kikae karibu na nini, na hilo lilitosha kuifanya kazi iwe yao.

Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney, New York, na wachambuzi wakailinganisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya 20. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu. Kazi iliyoshonwa magotini ikaishia ukutani, penye rangi nyeupe na taa. Sina ugomvi na heshima ile. Kama ina kosa, ilichelewa. Ila ukuta humweka mtazamaji mahali ambapo mwenye mfarishi hakai. Mfarishi huonwa ukiwa umefika kidevuni. Unaona viraka sita saba vilivyo karibu na pua. Vingine vimepanda goti, vikateremka, vikapotea. Na aliyeshona kwa jozi, akilinganisha kiraka na jirani yake tu, ameitazama kazi yake kwa umbali uleule wa atakayelala chini yake. Kwa hoja hii pekee ningeweza kumtetea mbele ya mahakama yoyote ya mafundi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi yake. Wasidi wa Karnataka, kusini magharibi mwa India, ni wazao wa Waafrika, wakiwemo wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao walifikishwa huko utumwani kupitia Goa ya Wareno. Leo wako vijijini katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, Wahindu, Waislamu na Wakristo, nao hushona mfarishi uitwao kawandi. Mwanamke hutandaza sari kuukuu iwe bitana, akaanzia kwenye kona, akaufuata ukingo, kila kiraka kikimpanda mwenzake kidogo, mshono wa bandi ukipenya tabaka zote. Akimaliza kuzunguka huingia ndani kidogo akazunguka tena, hadi afike katikati. Hapo hakuna miraba ya kutandaza wala kukoroga. Kupanga na kushona ni tendo moja, na kiraka kikishafungwa kimefungwa pamoja na bitana yake. Mwishoni kona nne huwekewa phula, yaani maua, vitambaa vilivyokunjwa pembetatu. Bila hayo, kwa macho yao, mfarishi uko uchi.

Kishawishi ni kuziunganisha Karnataka na Alabama kwa damu. Robert Farris Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale aliona katika mifarishi ya Wamarekani weusi midundo ya nguo za Afrika Magharibi. Lakini Cuesta Benberry, mtafiti aliyekuwa mweusi mwenyewe, alionyesha kwamba mifarishi ya watu hao ni ya kila namna, na mingi imepimwa na kupangwa kwa usahihi mkubwa. Mimi niko na Benberry. Kwa nguo kuukuu, sakafu ya chumba na baridi isiyosubiri, watu wa mbali wanaweza kufika mahali pamoja bila kukutana.

Miundo mingine haiwezi kushonwa hivi, lazima isemwe. Nyota kubwa inayopanuka kutoka katikati, au pete zinazoshikana, zinataka kila kipande mahali pake, na mwenye kuzishona na atande flaneli yake kwa amani.

Baina ya watu wa kapu ubishi ni mwingine: je, kiraka kilichotoka kinaweza kurudishwa? Wakali husema hapana. Wapole hukirudisha endapo kimegusana na kitambaa kilekile. Mimi hushona vipande vya vitenge ambavyo mafundi wa mtaani huvifagia jioni chini ya cherehani, na kitenge, kwa ukubwa wa maua na ndege wake, hufanya swali hili kuwa tamu. Vikikutana viwili vya kitenge kimoja, mshono kati yao hupotea, miraba miwili inakuwa mstatili, na ndege aliyekatwa nusu hupata bawa la mwingine mahali pasipo bawa. Wageni huuliza kama nilikusudia. Huwajibu ndiyo, wala si uongo: ningeweza kukirudisha kapuni.