Juno-106 Isiyowahi Kufunguliwa

Matangazo mengi ya kuuza Roland Juno-106 hujivunia kwamba kinanda hakijawahi kufunguliwa. Paneli inang'aa, vitelezi vyote vipo, stika haijabanduka. Mimi husoma maneno hayo kama onyo, kwa sababu kasoro kubwa ya kinanda hiki cha mwaka 1984 haizuiwi na utunzaji wa nje.

Juno-106 hupiga noti sita kwa pamoja. Mawimbi yake hudhibitiwa kidijitali, ndiyo maana tuni haiyumbi. Lakini kichujio na kidhibiti cha ukubwa wa sauti ni vya analogi, na kwa kila noti vimewekwa pamoja ndani ya chipu moja, 80017A. Chipu hizo ni sita, na kila moja imefunikwa kwa rezini. Miaka inavyokwenda, rezini huanza kupitisha umeme pasipotakiwa. Hapo noti moja kati ya sita hufifia, hukwaruza, au huendelea kuvuma wakati kidole kimeshaondoka. Hata kinanda kilichofunikwa kabatini miaka yote hupatwa na hali hiyo.

Kabla ya kuuza changu nilimpa fundi akakifungua. Aling'oa chipu zote sita, akaziloweka kwenye asetoni mpaka rezini ikalegea, akaibandua, kisha akazirudisha juu ya soketi na kusawazisha vichujio upya. Wapo wanaoweka chipu mpya za watengenezaji wengine. Ni njia nzuri pia, mradi mnunuzi aambiwe. Betri ya kumbukumbu nayo ilibadilishwa. Ukiitoa, milio yote 128 iliyohifadhiwa hufutika, kwa hiyo milio hiyo tuliitoa kwanza kupitia tundu la kaseti, tukairekodi kwenye kompyuta kama sauti ya kawaida.

Kilichouza kinanda ni video. Ukiwasha huku umeshikilia kitufe cha KEY TRANSPOSE, kinaingia katika hali ya majaribio, na kila ukibonyeza noti skrini huonyesha namba ya chipu inayotoa sauti hiyo. Mnunuzi akazisikia zote, moja hadi sita, bila korasi. Korasi ya Juno ni tamu mno, na kwa utamu huohuo huficha noti dhaifu. Muuzaji anayerekodi ikiwa imewashwa tu ananitia shaka.

Nilipiga picha pia kibandiko cha volti kilichoko nyuma. Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na kukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Nairobi au Dar es Salaam ni kukiunguza.

Mnunuzi wa kwanza alitaka nipunguze bei kwa kuwa kilishafunguliwa. Nilimtumia risiti ya fundi na picha za chipu zikiwa hazina rezini, na bei nikaiacha palepale. Kazi ile angelazimika kuilipia yeye.