Fundi wa Chini ya Ngozi

Shambani Nkoma, wilayani Itilima, nyuki wa maua ya pamba alinichoma juu kidogo ya kifundo cha mkono. "Utoe upesi, mwanangu!" akasema mzee mwenyeji wangu, na kabla sijageuka alishaukwangua mwiba kwa ukucha. Mwiba wa nyuki hubaki na kifuko chake, nacho huendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akishaondoka.

Nikakaa kivulini kuutazama mkono. Kwanza kitone chekundu. Punde wekundu ukatambaa pembeni kama chai iliyomwagikia kitambaa, kisha katikati pakainuka kivimbe cheupecheupe, chenye vinyweleo kama ganda la chungwa. Hatua hizi tatu daktari Thomas Lewis alizieleza London mwaka 1927.

Mwenye kazi hiyo ni seli ya masti. Paul Ehrlich aliipa jina mwaka 1878, angali mwanafunzi wa udaktari, kutokana na neno la Kijerumani la kunenepesha. Aliiona imejaa punje akadhani imeshiba. Kumbe ni ghala. Ndani ya punje mna histamini, imeshatengenezwa, inangoja. Sumu ikifika, punje hufunguka, na histamini huachanisha kidogo seli za kuta za mishipa midogo. Majimaji ya damu hupenya. Chembe nyekundu hubaki ndani. Kipimo hicho ndicho kinachonistaajabisha.

Wajumbe wengine wa seli hiyo, prostaglandini na lukotrini, hawana akiba. Hukatwa papo hapo kwenye mafuta ya utando wa seli yenyewe, kama seremala anayebandua ubao wa karakana yake ili amalizie kazi ya mteja. Saitokini huja nyuma yao, saa kadhaa baadaye, kuita seli nyingine. Ndiyo maana piritoni niliyomeza jioni ilituliza mwasho tu: hukalia kiti cha histamini, si cha hao wengine. Asubuhi mkono ulikuwa mnene kuliko jana.

(Kwa mwenye mzio wa nyuki, maghala hayo hufunguka mwili mzima, presha ikashuka, koo likabana. Huyo si wa piritoni, ni wa sindano ya adrenalini, mara moja.)

Mzee, anayefuga nyuki miaka mingi, alichomwa siku ile ile. Kwa waliochomwa mara nyingi, mwili huzoea kumtuma mjumbe mwingine, intalukini 10, kuwatuliza wenzake. Nilimwomba anionyeshe mkono. Palikuwa na doa dogo, kama ncha ya kalamu nyekundu.