Kabureta Hufunguliwa Mwisho

Gari la kabureta likianza kunywa petroli kupita kawaida na kutoa moshi mweusi, kila mtu huinyooshea kidole kabureta. Jirani atasema ni kabureta, dereva wa daladala atasema ni kabureta, na fundi mwenye haraka atakuwa ameshaifungua kabla hujamaliza kueleza. Mzee niliyemtazama akifanya kazi Arusha, kwenye gereji ndogo upande wa Unga Limited, huanzia mbali. Kwake kabureta hufunguliwa mwisho, baada ya kila kitu kingine kupimwa na kuonekana kizima.

Gari lililoletwa siku hiyo lilikuwa Land Rover Series III ya chesisi ndefu, injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na Arusha hazijaisha. Oktoba 2024, jiji hili lilipofanya tamasha la Land Rover, mamia ya magari ya aina hiyo, ya zamani na mapya, yalijipanga barabarani. Series nyingine zimeng'olewa injini zake na kuwekewa dizeli za Kijapani. Hili bado lina injini yake, na mwenye gari, mama mkulima kutoka Karatu, hataki kusikia habari ya kubadilisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karatu hawajambo?"

"Hawajambo. Ila gari linanitia hasara. Linakunywa, na likianza kile kilima cha Mto wa Mbu linakata pumzi."

"Pole. Linasumbua likiwa baridi au likishapata moto?"

"Likishapata moto."

"Na nani aliligusa mara ya mwisho?"

Mama akafikiri. Kuna fundi aliyebadilisha gasketi ya kabureta kwa sababu ilikuwa inavuja, akazikaza skrubu zake mpaka zikalia. Mzee akaitikia kwa kichwa, asiseme neno. Nadhani pale pale alishajua nusu ya jibu. Lakini hakuigusa kabureta.

Alichukua hendeli, akaipitisha kwenye tundu la bampa la mbele mpaka ikashika, akaanza kuzungusha injini kwa mkono huku swichi ikiwa imezimwa. Alizungusha taratibu, uso ameugeuza pembeni, maana kazi yote ilikuwa kwenye kiganja. Kila silinda inapofika kwenye mgandamizo hendeli hugoma kidogo, kisha hupita. Iligoma mara nne, na migomo yote ilikuwa sawa. Silinda yenye vali iliyoungua au ringi zilizolika ingepita kirahisi. Kwa hendeli peke yake, bila geji, alikuwa ameshajua kwamba ndani ya injini kuna uzima.

Ndipo akatoa plagi. Alizilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza mpaka ya nne, kwa sababu plagi ikishachanganywa na wenzake haina ushahidi tena. Plagi ya injini inayochoma vizuri huwa na rangi ya kahawia isiyokolea. Nyeupe kupita kiasi, mafuta ni machache. Nyeusi yenye unyevu wa oili, injini inapitisha oili. Hizi zote nne zilikuwa na masizi makavu meusi, na hilo la zote nne ndilo alilomwonyesha kijana wake. Ingekuwa moja tu, wangeifuata silinda hiyo. Zikiwa zote, tatizo liko mahali ambapo silinda zote zinagawana kitu: cheche au mafuta.

Akiwa ametoa plagi, injini ikawa nyepesi kuzungusha, akaitumia nafasi hiyo kurekebisha tapeti. Injini hii ina vali nane, na nafasi yake ni milimita 0.25 kwa zote. Kuna hesabu ambayo mafundi wa Land Rover huikariri: vali ya nane ikiwa imefunguka kabisa, pima ya kwanza, ya saba ikiwa wazi, pima ya pili, ya sita kwa ya tatu, ya tano kwa ya nne, kisha geuza. Jumla ni tisa siku zote. Kijana alizungusha hendeli, mzee akaingiza fila geji. Isipite ovyo, isikwame; ikivutwa, vidole vihisi chuma kinaikwaruza kidogo. Mbili alizirekebisha, sita akaziacha zilivyo. Alipokaza nati aliishikilia skrubu kwa bisibisi isizunguke nayo, halafu akapima tena, kwa sababu nati ikikazwa huiba nafasi.

Distributa ilimchelewesha zaidi. Alifungua kifuniko, akachomoa rota, akamwambia kijana azungushe mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya pembe ya kemu. Pointi za Lucas zilizomo humu zinataka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Fila ya 0.35 haikuingia. Kisigino, kile kipande kinachosugua kemu, kilikuwa kimelika, na kadiri kinavyolika ndivyo nafasi inavyobana na cheche inavyochelewa. Injini yenye cheche iliyochelewa hutembea tambarare bila malalamiko, ila mlimani inaishiwa nguvu. Basi, tatizo lile la kukata pumzi Mto wa Mbu lilikuwa limeshapata sababu yake, au sehemu ya sababu.

Alisawazisha nyuso za pointi kwa tupa nyembamba, akazifuta kwa karatasi safi, akapaka grisi kidogo mno kwenye kemu. Akaweka nafasi, kisha akaipanga upya timingi kwa taa ndogo ya volti 12. Waya mmoja aliuweka upande wa koili unaoelekea distributa, mwingine kwenye bodi, akawasha swichi. Injini ikiwa imesimamishwa kwenye alama yake, alilegeza bolti ya distributa na kuizungusha kwa vidole viwili. Pointi zikiwa zimefunga taa huzima, zikifunguka huwaka. Alikuwa anatafuta pale pale inapowaka, si kabla wala baada. Alipita, akarudi, akapita tena. Ilipowaka mahali alipopataka akakaza bolti, akazungusha injini mizunguko miwili kamili, akaangalia kama taa bado inawaka kwenye alama ile ile. Ikawaka.

Plagi zikasafishwa na kurudishwa, gari likawashwa. Lilivuta vizuri zaidi, hata mimi nisiye fundi nilisikia. Moshi mweusi, hata hivyo, ulikuwepo bado.

Kikombe cha kioo cha pampu ya petroli kilikuwa safi. Maji yangetulia chini yake na kuonekana. Waya wa choki ulirudi mpaka mwisho. Hapo sasa kabureta ikawa imefikiwa.

Niseme kidogo kuhusu chombo hiki. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uzito wa moja kwa 14.7. Kabureta hufanya kazi hiyo bila kompyuta wala umeme: hewa inapita penye koo jembamba, inaongeza kasi, shinikizo linashuka, petroli inavutwa kupitia tundu la jeti. Jeti yenye namba 125 ina tundu la takriban milimita 1.25. Kabureta haijui iko wapi duniani. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Tanga, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku hutoa mafuta mengi kuliko hewa inavyostahili. Kosa dogo la petroli kuzidi, ambalo Tanga lingevumilika, huku linageuka masizi.

Hii ilikuwa Zenith 36 IV. Mzee alitoa bomba la hewa, akaacha injini kwenye sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, akamulika kooni kwa tochi. Injini ikiwa sailensa, tundu kuu halipaswi kutoa kitu. Tukaona tone, likafuatiwa na jingine.

"Umeona?" akamuuliza kijana. "Hilo halikuitwa."

Alizima, akafungua kifuniko juu ya sinia la bati, mbali na jiko la mama ntilie aliye jirani. Sindano ya floti aliijaribu kwa mdomo: akapuliza, akainua floti, hewa ikakatika. Nzima. Jeti alizichomoa moja moja, akizichambua kama achambuaye mchele kwenye ungo, akazipuliza kwa upepo. Waya hakuingiza, jeti ni ya shaba laini, na waya ukikwaruza tundu lake namba iliyoandikwa juu haina maana tena.

Kisha akachukua kipande cha kioo kinene cha dirisha, akakilaza mezani, akaweka juu yake msasa laini wa maji. Kwenye uso wa kifuniko alichora mistari ya kalamu ya wino, akakisugua mara chache, akakigeuza. Mistari ya pembeni ilikuwa imefutika. Ya katikati ilibaki yote. Kifuniko kilikuwa kimepinda: aloi laini, joto la injini, na mkono uliokaza skrubu mpaka zikalia. Kwenye upenyo huo petroli ilikuwa inapita bila ruhusa ya jeti yoyote.

Kilichofuata kilichukua karibu saa nzima. Alisugua kwa mwendo wa namba nane, mikono miwili, uzito sawa, akilowesha msasa na kukigeuza kifuniko ili upande mmoja usiliwe zaidi. Alichora mistari upya, akasugua tena. Kile kipande chenye jeti, kinachofungwa chini ya kifuniko, nacho kikapita kioo hicho hicho. Kijana aliomba ampokee. Alimpa, akamtazama mizunguko kadhaa, akamwambia, "Usikandamize, mwanangu. Acha msasa ule wenyewe." Mwishowe mistari yote ikafutika kwa pamoja.

Aliosha kila kitu kwa petroli, akaweka oringi mpya na gasketi mpya, akarudisha skrubu kwa kukingamanisha, robo mzunguko kila moja, kwa bisibisi fupi aliyoishika kwa vidole vitatu. Mkono mzima hakuutumia.

Injini ikapata moto. Akaifunga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka injini ikasitasita, akairudisha nyuma mpaka ikatulia, akapunguza sailensa. Alimulika tena kooni, pakavu. Mama aliondoka kesho yake kwenda Karatu, akapiga simu kusema amepanda kilima cha Mto wa Mbu kwa gia ya tatu.

Nawe mwenye gari la kabureta, fundi akiikimbilia kabureta kabla hajatoa plagi hata moja, mshukuru kwa heshima na umwombe afunge boneti.