Kanda Aliyoikataa Marvin Gaye

Tarehe 5 Aprili 1971, mjini Detroit, mafundi mitambo wa Motown walimaliza kuchanganya sauti za albamu mpya ya Marvin Gaye, What's Going On. Kanda ikawa tayari kwenda kiwandani. Gaye akaisikiliza, akaikataa. Akapanda ndege hadi Los Angeles, akaingia katika studio ya Sound Factory, na huko nyimbo zile zile, zilizopigwa na watu wale wale, zikachanganywa upya tangu mwanzo. Mchanganyo huo wa pili ndio uliotoka tarehe 21 Mei mwaka huo, na ndio watu walioupenda kwa miaka thelathini. Ule wa kwanza ukabaki stoo.

Mwaka 2001 Motown ikautoa. Lilikuwa toleo lenye nyongeza, la sidi mbili. Sidi ya kwanza inaanza na albamu kama ilivyojulikana, kisha bila kupumzika inafuata albamu ile ile kwa mchanganyo uliokataliwa. Ya pili ina tamasha ambalo Gaye alilifanya Kennedy Center, Washington, tarehe 1 Mei 1972, pamoja na nyimbo zilizotoka katika santuri ndogo, zikiwamo zile za upande wa pili ambazo wengi hawakuzitilia maanani zilipotoka.

Mashabiki waligawanyika, na hadi leo hawajapatana. Wapo waliousikia mchanganyo wa Detroit wakasema huu ndio muziki wenyewe: mkavu, wa karibu, ngoma na besi mbele, hakuna kilichofichwa. Wapo waliokasirika. Mwenye kazi aliikataa akiwa hai, walisema, nani kampa mtu mwingine ruhusa ya kuitoa wakati yeye yuko kaburini tangu 1984? Na wapo ambao hawakuwa na hoja yoyote, walikuwa na furaha tu. Albamu waliyoihifadhi kichwani imewarudia na sura ya pili, wakawa wanasikiliza wimbo mmoja mara mbili, kwanza huku, kisha kule, wakitafuta kilichobadilika.

Hao wa mwisho ndio ninaowatetea. Katika kutafuta kilichobadilika walikuwa wanajifunza kuisikia kazi ambayo msikilizaji wa kawaida hajui hata kama ipo. Tunamjua mwimbaji, tunamjua mtunzi, tukijitahidi sana tunamjua mpiga gitaa. Anayekaa nyuma ya kioo akiamua besi isikike kiasi gani na fidla zisogee nyuma kiasi gani hana sura wala jina. Kazi yake ikifanikiwa haionekani. Ili uione, unahitaji kusikia wimbo huo huo ukiwa umechanganywa kwa uamuzi mwingine, na nafasi ya namna hiyo hupatikana kwa nadra mno.

Studio ya Motown ilikuwa nyumba ya kawaida, namba 2648 West Grand Boulevard, yenye kibao cha Hitsville U.S.A. mbele. Wanamuziki walirekodia katika chumba walichokiita Snakepit. Mwangwi walioupenda waliupata darini: sauti ilipelekwa juu kwa spika, ikazunguka katika nafasi tupu, ikanaswa tena na maikrofoni na kurudishwa chini. Kila kundi la ala lilikuwa na njia yake katika kanda. Fundi alipokaa mezani alikuwa na konga za Eddie "Bongo" Brown hapa, tari la Jack Ashford pale, magitaa, kinanda, fidla za wapigaji wa Detroit Symphony Orchestra zilizopangwa na David Van DePitte, na sauti ya Gaye ikiwa imerekodiwa tena na tena juu yake yenyewe. Vyote vilikuwa vimekwisha kupigwa, na vizuri. Kilichobaki ni kuchagua, na kuchagua huko ndiko ninakokuita ufundi.

Albamu hii imejaa mambo ambayo hayakukusudiwa yakaja kuchaguliwa. Seksafoni inayoufungua wimbo wa kwanza ni ya Eli Fontaine. Alikuwa akipasha ala yake moto, akicheza tu, hajajua kwamba kanda inazunguka. Gaye akamwambia imetosha, anaweza kwenda nyumbani. Vivyo hivyo kuhusu zile sauti mbili za Gaye zinazoimba pamoja, moja ikiitangulia nyingine kidogo, zikiachana na kukutana. Gaye alikuwa ameimba wimbo mara mbili ili achague kuimba kulikokuwa bora. Fundi Kenneth Sands alipomwandalia zote mbili, zikasikika kwa pamoja kwa bahati mbaya. Gaye hakuchagua moja, alizichukua zote. Tangu siku hiyo namna hiyo ya kuimba, mtu akijijibu mwenyewe, ikawa alama yake hadi mwisho wa maisha. Bahati mbaya kama hizo hutokea katika kila studio, kila wiki. Kinachohitajika ni sikio la kuitambua iliyo njema kabla mtu hajaifuta.

Mwenye sikio hilo hawezi kupokea kanda eti kwa sababu haina kosa. Ule mchanganyo wa Aprili haukuwa na kosa. Ukiusikiliza leo unajua ni kazi ya watu waliokuwa wametengeneza nyimbo za kuchezwa kwa zaidi ya miaka kumi na walijua kabisa mguu wa msikilizaji unataka nini. Ngoma iko usoni. Besi ya James Jamerson inatembea mbele ya kila kitu, unaweza kuifuata nota kwa nota. Mpenzi wa muziki wa dansi wa kwetu, aliyezoea kuyatenga magitaa ya solo, rithim na besi kila moja kwa njia yake, ataanzia hapo na atakuwa nyumbani.

Na Jamerson anastahili kufuatwa hivyo. Inasimuliwa kwamba usiku wa kurekodi wimbo wa kwanza Gaye alimtafuta katika vilabu vya mji hadi akampata, akamleta studio akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kitini. Akalala chali sakafuni, karatasi za Van DePitte zikiwa mbele yake, akapiga. Alitumia kidole kimoja cha mkono wa kulia, kama kawaida yake. Kwa miaka yote ya sitini besi yake ilikuwa imebeba nyimbo za Motown zilizouzwa dunia nzima, na jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye jalada. What's Going On ndiyo albamu ya kwanza ya kampuni hiyo iliyowataja wapigaji kwa majina. Alifariki mwaka 1983, akiwa na miaka 47, na mwaka 2000 ndipo jina lake lilipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame. Mwaka uliofuata toleo jipya likatoka, na mtu yeyote mwenye hedifoni nzuri akaweza kusikia alichokuwa anakifanya pale sakafuni. Kwa hilo peke yake ninawashukuru waliolitoa.

Lakini mimi niko upande wa Gaye. Mchanganyo wa Detroit unakupa nyimbo tisa nzuri. Wa Los Angeles unakupa kitu kimoja. Huko fidla zimepewa nafasi ya kupumua, sauti za waitikiaji zimesogezwa hadi hujui wapi Gaye anaishia na wapi wenzake wanaanza, mwangwi umeongezwa, na ngoma imerudishwa hatua chache nyuma. Besi haijapotea, ila sasa unaihisi kabla ya kuisikia. Wimbo mmoja unamiminika ndani ya mwingine: maswali ya askari aliyerudi kutoka vitani Vietnam, kama alivyorudi Frankie, mdogo wake Gaye, yanaingia katika wimbo wa mtu aliyenaswa na dawa za kulevya, naye anaingia katika kilio cha watoto. Kwa mchanganyo wa Detroit watu hawa ni majirani tu. Kwa mchanganyo wa Los Angeles wanaishi nyumba moja, na hicho ndicho Gaye alichokuwa anakisema kwa albamu nzima.

Ndiyo maana hoja ya waliokasirika hainishawishi. Wanasema kutoa kanda iliyokataliwa ni kumvunjia heshima aliyeikataa. Naona kinyume. Kabla ya 2001 tulijua kwa kuambiwa tu kwamba Gaye alikuwa mkosoaji mkali wa kazi yake. Tulijua alivyobishana na Berry Gordy, mwenye kampuni, ambaye hakuamini wimbo ule wa kwanza ungeuzika, na tulijua jinsi santuri yake ndogo ilivyotoka Januari 1971 ikauzwa kwa kasi hadi Gordy mwenyewe akaitaka albamu nzima. Hayo ni masimulizi ya ushindi. Kanda ya Aprili inaonyesha jambo gumu zaidi: mtu aliyekuwa ameshashinda, ambaye wimbo wake ulikuwa umefika namba mbili Marekani nzima, anapewa kazi safi na bado anasema hapana. Bila kanda hiyo mkononi usingejua hapana yake ilikuwa na uzito gani.

Tamasha la Kennedy Center lina thamani ya aina nyingine. Gaye alikuwa ameliogopa jukwaa. Tammi Terrell, mwimbaji mwenzake, alimwangukia mikononi wakiwa jukwaani mwaka 1967, akafariki kwa uvimbe wa ubongo Machi 1970 akiwa na miaka 24, na Gaye akajitenga. Washington ndio mji aliozaliwa, na siku hiyo ilikuwa imetangazwa kuwa siku yake. Utamsikia akiwa na wasiwasi, nyimbo zikianza kwa kusitasita, kisha sauti inapata njia yake. Mwishoni anazirudia Inner City Blues na What's Going On kwa mara ya pili. Kama rekodi ya sauti si safi, na sitajaribu kuitetea. Ila inathibitisha jambo ambalo mashabiki walibishania siku nyingi: kwamba kazi iliyofumwa kwa tabaka nyingi hivyo studio inaweza kusimama mbele ya watu. Ilisimama, kwa shida, na shida hiyo inasikika.

Nina lalamiko moja kwa waliopanga sidi ya kwanza, na si dogo. Albamu ya 1971 inaisha kwa makusudi. Inner City Blues inafika mwisho, kisha sauti za wimbo wa kwanza zinarudi kwa muda mfupi na kufifia, mduara umefungwa. Baada ya hapo pangefaa pawe kimya, kama sindano ya santuri inavyofika kwenye karatasi ya katikati na msikilizaji anabaki ameketi na alichosikia. Katika sidi hii mwisho huo unapokonywa. Ndani ya sekunde chache mambo yanaanza upya, zogo lile lile la watu wanaosalimiana, wakiwamo Mel Farr na Lem Barney, wachezaji wa timu ya soka la Kimarekani ya Detroit Lions walioalikwa studio, na unajikuta ndani ya wimbo wa kwanza kabla ya kutoka katika wa mwisho. Albamu yote ina urefu wa dakika 35 hivi. Sidi ilikuwa na nafasi, nafasi ikajazwa. Waliotengeneza toleo la mwaka 2011, la kutimiza miaka arobaini, walifanya busara kuuweka mchanganyo wa Detroit katika santuri yake yenyewe, ili mtu auendee kwa kukusudia.

Mashabiki waliolalamikia jambo hili mwaka 2001 waliambiwa wanachagua vitu vidogo. Hawakuwa wanachagua vitu vidogo. Kimya cha mwisho ni sehemu ya kazi, na aliyekaa Los Angeles akipima kila mwangwi alikuwa amekipima hicho pia. Anayeitoa upya kazi ya fundi ameshika dhamana, na dhamana hiyo inahusu hata nafasi tupu kati ya wimbo na wimbo. Hapo ndipo kutoa upya kunapoacha kuwa biashara ya kuuza kitu kimoja mara mbili na kuwa ufundi wenye heshima yake: kutafuta kanda, kuijua tarehe yake, kuisafisha bila kuibadilisha, kuandika nani alipiga nini, kisha kujua mahali pa kuiweka ili isiifunike ile iliyochaguliwa na mwenyewe.

Kwa hiyo, msomaji, ukiipata sidi hii, usiiache izunguke yenyewe. Sikiliza nyimbo tisa za mwanzo kwa mpangilio wake, Inner City Blues ikiisha zima redio, uendelee na shughuli zako. Mchanganyo wa Detroit unaanzia wimbo wa kumi. Usikilize siku nyingine, kwa hedifoni, na mara ya kwanza mfuate Jamerson peke yake.