Ulimi, Redio na Mtoto Aliye Garini

Mwaka 1973, saa 8 mchana, redio ya WBAI ya New York ilirusha kichekesho cha George Carlin kuhusu maneno yasiyoruhusiwa hewani. Baba mmoja aliyekisikia akiwa garini na mwanawe alilalamika. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba serikali inaweza kudhibiti matangazo ya namna hiyo, kwa kuwa redio huingia nyumbani na kuwafikia watoto.

Carlin ana hoja: uchafu hauanzii kwenye neno, huanzia moyoni. Bwana wetu naye alifundisha hivyo. Ila Carlin hakuuliza nani anasikiliza, na kumpenda jirani huanza na swali hilo.

Hata hivyo, wapendwa, tusishangilie rungu la serikali. Kuhani Amazia alimfukuza Amosi kutoka Betheli akidai maneno yake yanahatarisha ufalme. Anayenyamazisha tusi leo, kesho aweza kuliita kemeo la haki tusi. Serikali na ipange saa za matangazo. Kuufunza ulimi ni kazi yetu, tukianzia mezani petu.